Kisu cha Guernier na Kipande cha Kumi na Nane

Engerran alikuwa mnakili vitabu katika mtaa wetu, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Severini, upande ule wa mto wenye wanafunzi wengi kuliko panya. Mimi nashona vitabu na kuvitia majalada ya mbao, nyumba ya pili kutoka kwake, kwa hiyo kurasa alizoandika mara nyingi ziliishia mikononi mwangu. Sikumpata mnakili mwingine niliyependa kumshonea kama yeye. Hakuruka mstari. Wenzake wakichoka huruka, na mwanafunzi hajui mpaka aaibike mbele ya mwalimu. Engerran akichoka aliweka kalamu chini, akala kitunguu na kipande cha mkate, akarudi mahali pale pale.

Naanza na hayo kwa sababu watu wa mtaani wakimtaja leo hawataji mwandiko wake. Wanataja kisu.

Kisu kilikuwa cha Guernier, mtengeneza ngozi za kuandikia. Visu vya kazi hiyo vimepinda kama mwezi mwandamo, na mpini umekaa katikati ya mgongo. Kila fundi hukinoa chake kufuata mkono wake, ndiyo maana hakiazimwi: mkono mwingine ukikishika, ngozi inatoboka. Guernier alikuwa anakwenda kuhiji Rocamadour kwa ajili ya goti lake bovu. Hakutaka kukiacha kisu nyumbani, kwani shemeji yake Evrart, muuza mishumaa, alikuwa na tabia ya kuingia, kuchukua kitu cha mtu, na kukirudisha kimevunjika. Basi akampa Engerran akiweke. Wakaenda kanisani, Engerran akaweka mkono juu ya Injili, akaapa kwamba atakirudisha siku kitakapoombwa, bila swali. Mimi nilikuwa shahidi. Maneno yalikuwa hayo: bila swali.

Guernier alikaa njiani wiki saba. Katika wiki hizo binti yake, Ameline, aliolewa na mchukuzi wa maji. Kwetu mwanamume na mwanamke wakishatamkiana maneno mbele ya watu, basi, hata Papa hawezi kuyafuta. Guernier alikuwa amemwahidi binti huyo kwa fundi wa ngozi wa Saint-Denis mwenye karakana na matangi manne ya chokaa. Aliyesimama shahidi wa harusi, akatoa na bata wa karamu, alikuwa mjomba wa binti, yaani Evrart.

Guernier alirudi Jumatatu baada ya Pentekoste. Mkewe alikuwa amehesabu siku za safari na kuziloweka ngozi kumi na mbili za kondoo kwenye chokaa, zimsubiri. Jioni ile ile, hata kabla ya kumaliza kugombana naye, Guernier alizitoa, akaziosha, akazitandaza kwenye fremu. Ngozi ikishatandazwa lazima ikwanguliwe ingali na unyevu. Jua la siku mbili za mwezi ule likiipiga, inakauka na kukunjamana kama sikio la mzee, hairudi tena.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa Engerran nikichukua kurasa. Guernier akaingia.

"Jirani, nipe kisu."

"Karibu kwanza. Safari je? Goti?"

"Goti zima. Kisu."

Engerran akainuka kuelekea kwenye sanduku. Kisha akasimama, akamtazama. Guernier alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala.

"Unakwenda kazini moja kwa moja?"

"Uliapa bila swali."

"Niliapa. Nazungumza tu."

"Basi mimi nami nakuzungumzia tu. Nakwenda kukwangua ngozi. Nikimaliza nakwenda kwa Evrart, nimkwangue na yeye."

Nilicheka kidogo, kwa aibu. Guernier hakucheka. Engerran akalirudia lile sanduku, akakaa juu yake.

"Njoo kesho, ndugu yangu."

"Umesema nini?"

"Kesho."

Guernier akatoka bila kufunga mlango.

Sasa, kitu kilichomponza Engerran ni kwamba siku ile ile, mezani kwake, alikuwa na kazi inayohusu jambo hilo hilo. Alikuwa akinakili kitabu cha mwalimu mmoja wa chuo kuhusu sheria ya maumbile, ile ambayo Mungu aliiandika moyoni mwa kila mtu, Mkristo na asiye Mkristo, kabla ya kuwapo wino. Kitabu cha namna hiyo mkodishaji haachii kizima. Hukigawa vipande vya kurasa nane nane, mnakili huchukua kimoja, akimaliza anakirudisha na kupewa kinachofuata, na wakati huo huo wengine wanavyo vingine. Engerran alikuwa na kipande cha kumi na saba. Humo mwalimu alikuwa ameuliza: je, aliyeapa kurudisha kitu anaweza kukizuia bila kuvunja sheria ya maumbile?

Waalimu wetu wana desturi yao. Kabla ya kujibu hupanga kwanza hoja za yule watakayempinga, tena huzipanga vizuri kuliko mwenyewe. Engerran alinisomea zote tatu, kidole kikifuata mstari. Kwanza, kweli haibadiliki leo na kesho, na sheria hii ni kweli. Pili, kama mshika amana akiwa hakimu wa mwenye mali, kila mwizi atajiita hakimu. Tatu, kiapo kimefanywa mbele ya Mungu, na Mungu hakutia masharti. Hapo ukurasa wa nane ukaisha. Chini, pembeni, lilikuwapo lile neno tunaloliandika ili mshonaji ajue kipande gani kinafuata. Neno lenyewe lilikuwa "Lakini".

"Hoja zote tatu zinasema rudisha," Engerran akasema. "Kwa hiyo yeye anasema usirudishe."

"Labda," nikasema.

"Labda. Au anasema rudisha, ila kwa sababu nyingine. Hufanya hivyo pia."

Mkewe, Hersent, alikuwa akimenya njegere mlangoni. "Wewe nawe. Mtu kasema atamkwangua shemeji yake, unatafuta nini kwenye kitabu?"

"Niliapa, mke wangu."

"Uliapa kwa mtu mwenye akili zake. Huyu wa leo ndiye yule?"

"Ndiyo maana nataka kuona mwalimu anasemaje."

"Basi chukua kisu, nenda nacho uani kwake, kaa pale akikwangua, akimaliza rudi nacho. Ngozi zimepona, Evrart kapona. Lazima nisome Kilatini kwa hilo?"

Lilikuwa wazo zuri. Engerran alikwenda nalo mchana, nami nikafuatana naye. Guernier alikuwa ameketi kati ya fremu zake akizinyunyizia maji; akamsikiliza Engerran mpaka mwisho.

"Uje unilinde?" akauliza.

"Nikae tu. Tupige soga."

"Kama mbuzi. Mimi, fundi wa miaka ishirini na sita, nikwangue ngozi huku mnakili ananishikia kamba shingoni. Watu wapite waone." Akamgeukia mkewe. "Umesikia jirani yako? Amekuja kunichunga."

"Guernier, uniambie tu kwamba lile neno la Evrart ulitania," Engerran akasema.

"Sina deni la maneno kwako. Wewe ndiye una deni la kisu kwangu."

Tukaondoka. Guernier alishindwa kutamka lile neno moja. Nimewaza mara nyingi: angedanganya tu, kisu kingekuwa mkononi mwake kabla ya jioni.

Engerran alikwenda kwa Tassin, mkodisha vitabu, kuomba kipande cha kumi na nane.

"Kimetoka," Tassin akasema. "Anacho Osbern, yule Mwingereza mwenye mafua."

"Atarudisha lini?"

"Alipaswa kurudisha Alhamisi iliyopita. Mwulize yeye, mimi nimechoka kumwuliza."

"Nakala nyingine je?"

"Ingekuwapo nyingine ningekuwa tajiri."

Osbern hakuwa kwenye mihadhara. Katika nyumba anamokaa walisema yuko kwenye duka la divai, na huko walisema ametoka sasa hivi. Jumatano asubuhi Engerran alimkamata padri wetu akivaa kwenda kuzika, akamweleza yote mlangoni mwa sakristia.

"Kiapo ni kiapo," padri akasema. "Rudisha."

"Amesema atamdhuru Evrart, Padri."

"Oo. Basi usirudishe."

"Na kiapo?"

"Ndiyo, kiapo kipo." Padri akatazama nje, jeneza lilikuwa linangoja. "Mwanangu, njoo kitubioni Jumamosi."

"Ngozi zinakauka leo, Padri."

"Basi sali."

Guernier alirudi Jumatano adhuhuri. Safari hii alikuja na watu: mafundi wawili wa ngozi na Evrart mwenyewe. Ndiyo, Evrart, ambaye hakuwa amesikia lolote na alifuata kelele tu kama kawaida yake.

"Mbele ya mashahidi," Guernier akasema. "Naomba kisu changu."

Engerran naye hakuwa amelala. Angeweza kusema sababu. Lakini angewezaje kuisema, na Evrart amesimama pale anatafuna? Kuisema kungekuwa kuwasha moto aliokuwa anauzima. Akatafuta neno lisilo uongo, akapata lile baya kuliko yote.

"Nangoja kipande cha kumi na nane," akasema.

Evrart akaanza kucheka hadi akashika ukuta. "Jamani. Mtu anadaiwa kisu, anasubiri kitabu."

"Kitabu kikisema kisu ni chake je?" fundi mmoja akauliza.

"Basi mimi kuku wangu nisimwachie," Evrart akasema. "Atamsomea kuku, halafu atamla."

Ndivyo ilivyoanza. Hadi leo mtu wa mtaa wetu akiombwa kurudisha beseni anasema anangoja kipande cha kumi na nane.

Alhamisi ngozi zilikuwa zimekwisha. Kumi na mbili, zote. Nilizipitia njiani: zimekuwa za manjano, ngumu, ukizigonga zinalia kama ubao. Guernier alikuwa haziangalii tena.

Asubuhi hiyo nilikwenda dukani kwa Evrart kununua nta ya kupaka uzi. Nilikuwa nyuma, karibu na mapipa ya mafuta ya ng'ombe, Guernier alipoingia. Hakuniona. Evrart alikuwa ananing'iniza mishumaa, mgongo wake umegeuka.

"Shemeji," Evrart akasema bila kugeuka, "harusi umeikosa, ila mifupa ya bata ipo, nilikuwekea."

Niliuona mkono wa kulia wa Guernier. Ulikwenda kiunoni, pale ambapo ala ya kisu chake huning'inia siku zote. Haukupata kitu. Ukaenda tena, haraka, vidole vimekunjika tayari kushika mpini. Haukupata kitu. Akautoa mkono, akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akaketi juu ya sanduku, uso umemtoka jasho, akaanza kulia polepole. Evrart akageuka.

"Ah, shemeji. Mtoto ana furaha bwana. Yule kijana ana mgongo wa punda, hatalala njaa."

Nilitoka na nta yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Engerran, nikamwambia nilichokiona. Alinisikiliza huku akishika ukingo wa meza.

"Alilia?" akauliza.

"Alilia."

"Basi imepita."

Akafungua sanduku, akachukua kisu kimefungwa kwenye kitambaa kama alivyokabidhiwa, tukaenda. Guernier alikuwa amesharudi uani. Engerran akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Hiki hapa, ndugu yangu. Nisamehe ngozi."

Guernier hakukipokea. "Kiweke chini," akasema. "Mkononi mwako sikipokei. Tutaonana mbele ya chama cha kazi yetu."

Mchana huo, Osbern alikuja mwenyewe na kipande cha kumi na nane ambacho sasa hakikuwa na kazi tena, kikiwa na doa la divai, pua inamtiririka. "Nimesikia unanitafuta mzee wangu. Ungesema ni haraka." Engerran alikisoma amesimama. Nilimwona akifika mwisho na kuanza tena juu.

"Anasemaje?" Hersent akauliza.

"Anasema shina la sheria hiyo ni moja kwa watu wote: tenda jema, epuka baya. Lakini kadiri unavyoshuka kwenda kwenye matawi, kwenye mtu huyu na kitu hiki na siku hii, ndivyo kanuni inavyoweza kupungukiwa. Anasema kurudisha ni haki mara nyingi, na mara nyingine si haki."

"Na mara ipi ni ipi?"

"Anasema mshika amana atazame nani anaomba, na kwa nini, na lini. Na kwamba hakuna kitabu kitakachotazama kwa niaba yake."

Hersent akaweka bakuli chini. "Siku tatu," akasema.

"Najua."

"Siku tatu umekimbia mji mzima, uambiwe utazame."

"Nimesema najua, mke wangu." Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpandishia sauti.

Chama chetu, cha watu wote wa kazi ya vitabu, kilikaa kanisani Jumapili baada ya misa. Mkuu wa chama alikuwa Tassin. Guernier alieleza habari ya kiapo, na habari ya ngozi, na ngozi mbili zililetwa zikapitishwa mkono kwa mkono. Ngozi iliyoharibika kila mtu pale anaijua kwa kidole. Engerran akaulizwa, akasema alihofia kwamba kisu kingemdhuru mtu.

"Mtu gani?"

"Evrart," akasema.

Kicheko kikajaa kanisani. Evrart, ambaye si wa chama lakini alikuja, akajitazama tumbo. "Mbona nipo mzima?"

"Ulikwenda kumdhuru shemeji yako?" Tassin akamwuliza Guernier.

Guernier alitazama sakafu. "Nilikwenda kumwona shemeji yangu," akasema.

Hapo nikasimama. Sijawahi kusema chamani, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilisema niliona mkono ukienda kiunoni mara mbili. Nilisema polepole na vibaya, wakaniambia nirudie, nikarudia vibaya zaidi.

"Mkono kiunoni," akasema fundi mmoja. "Mimi wangu huenda kiunoni kila asubuhi. Mgongo unaniuma."

"Na angetaka kuua," mwingine akasema, "mkewe hana kisu cha jikoni?"

Nikakaa chini. Jibu ninalo sasa: mtu aliyeshika chombo kimoja miaka ishirini na sita, hasira yake hupita kwenye chombo hicho, na isipokikuta inapotea njia. Jibu hilo lilinijia miezi miwili baadaye nikiwa natia gundi.

Engerran akajaribu kutaja maneno ya mwalimu. Tassin akamkata. "Hayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, Engerran. Si kwa ajili yetu."

"Yameandikwa yanamhusu nani, basi?" akauliza. "Wanafunzi wana visu vya nani?"

Uamuzi ulikuwa hivi: vipande hukodishwa kwa kiapo, na aliyevunja kiapo hawezi kukodishiwa, na jina lake hutolewa chamani. Akikiri mbele ya chama kwamba alikosea, atasamehewa. Kila mwaka, Jumapili ya Matawi, ataulizwa.

Aliulizwa miaka tisa. Kila mwaka alisema anasikitikia ngozi. Kila mwaka Tassin alisema hakuulizwa habari za ngozi. Mwandiko ule, ambao maaskofu wangeulipia, ulitumika kuwaandikia wanawake barua za kuwatafuta waume zao, na kunipigia mimi mistari kwenye kurasa ambazo wengine wangeandika. Nilimwambia mara nyingi: sema tu, ni maneno mawili, uchukue kalamu yako. Nilimkasirikia hasa. Aliniambia, "Siku ile kama ningekosea ningejua. Nimetafuta, sioni." Hersent aliacha kubishana naye mwaka wa nne. Guernier na Evrart walikuwa wanakula pamoja kila Jumapili, na mjukuu wao wa kwanza alipobatizwa, Evrart alisimulia tena hadithi ya kuku.

Engerran alishikwa na homa majira ya baridi ya mwaka wa kumi. Padri alikuja mchana, nikiwa pale na Hersent. Akamkumbusha dhambi moja moja, akafika kwenye kiapo.

"Unatubu?"

"Natubu kwa ngozi, Padri. Kumi na mbili."

"Nakuuliza kiapo."

"Ngozi zilikuwa nzuri. Nimezionea huruma muda wote huu."

Padri akangoja. Engerran naye akangoja, macho yamefumbwa. Mlangoni mtu alikuwa amekuja kumwita padri kwa mgonjwa mwingine, na alikuwa anakohoa ili asikike. Padri akapumua kwa nguvu, akainua mkono, akamwondolea dhambi zote kwa jumla.

Tulimzika siku mbili baadaye. Chama hakikuleta mishumaa, kwa kuwa jina lake lilikuwa limetolewa, basi Hersent alinunua kwa Evrart. Evrart aliileta mwenyewe, amenenepa, mashavu mekundu kwa baridi, akasimama karibu nami wakati tunanyanyua jeneza.

"Alikuwa mtu mzuri," akaniambia. "Mkaidi tu. Kitu kidogo kama kile, angemrudishia mtu kisu chake."

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa nimeshika pembe ya jeneza, waliokuwa mbele walishaanza kutembea, na njia ya kwenda makaburini ni nyembamba.